Kishikwambi cha kujifunzia Biblia kwa AndBible: angalia kioo kwanza

Nilipoanza kutafuta kifaa kidogo cha kujifunzia Biblia kwa programu huria, ushauri niliopewa ulikuwa ule ule: tafuta chenye prosesa kali na RAM ya kutosha. Kwa mcheza gemu, sawa. Ila kwa kazi hii kinachomchosha mtu ni kioo, na sikuona muuzaji anayekizungumzia kwa lugha ya msomaji.

Kwa asiyezijua programu hizi: CrossWire ni jumuiya ya watu wanaojitolea, na mradi wao wa programu za Biblia unaitwa SWORD. Msimbo wake uko wazi chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha. Biblia, kamusi na fafanuzi hupakuliwa kama moduli, na moduli ile ile husomwa na programu tofauti: Xiphos na BibleTime kwenye kompyuta, AndBible kwenye Android. Zote ni za bure na AndBible haina matangazo. Biblia nzima ni megabaiti chache tu, na ukishaipakua huhitaji intaneti tena.

Nimetumia vifaa vya aina tatu. Cha kwanza ni kompyuta ya kiganjani yenye Linux, ya inchi 7 na kibodi yake. Niliitamani kwa sababu Xiphos ndiyo ninayoipenda kwenye kompyuta kubwa, na kweli inafanya kazi bila tatizo. Lakini Xiphos imepangwa kwa kioo kikubwa. Orodha ya moduli inakula upande wa kushoto, kamusi inadai nafasi yake chini, na maandiko yenyewe yanabaki yamebanwa katikati. Vitufe navyo ni vidogo kwa kidole. Kama kazi yako ni kuandika maelezo marefu, kibodi itakufaa. Mimi nasoma zaidi ya ninavyoandika, kwa hiyo niliiweka kando.

Cha pili ni kile cha wino wa kielektroniki, yaani kioo kinachofanana na karatasi, chenye Android, inchi 7.8, nukta 300 kwa kila inchi (zikiwa nyingi, herufi huwa safi zaidi). Juani hakina mpinzani, na macho hayachoki. Ukikitumia kusoma sura moja baada ya nyingine, utakipenda. Kujifunza ni jambo jingine: unagusa neno, unaruka kwenye kamusi, unarudi, unafungua rejeo, na kila mruko unaacha kivuli cha ukurasa uliopita. Isitoshe, alamisho za AndBible hupangwa kwa rangi. Yangu ya ahadi ni kijani, ya maswali ni njano, na humo zote zilikuwa kijivu.

Cha tatu, ambacho ndicho ninachokitumia mpaka leo, ni kishikwambi cha kawaida cha Android cha inchi 8 chenye kioo cha 1920 kwa 1200. Hapo ni kama nukta 283 kwa inchi. Vile vya bei ya chini vya inchi 7 huwa na 1024 kwa 600, yaani kama nukta 170. Kwa herufi za Kiswahili tofauti hiyo unaweza kuivumilia. Fungua Kiebrania ndipo utaona. Irabu zake nyingi ni alama ndogo chini ya herufi: vinukta viwili kando kwa kando ni tsere, vitatu ni segoli. Kwenye kioo hafifu vyote vinakuwa doa moja, nawe unabaki unakisia. Kwenye hiki navihesabu bila kukuza maandishi.

Upana nao una maana yake. Nikikilaza, AndBible inagawa kioo madirisha mawili, Biblia ya kawaida upande mmoja na ya Kiebrania upande wa pili, nayo yanatembea pamoja. Zaburi 51 ndiyo mtihani wangu kwa kila programu ya namna hii. Ombi la kuumbiwa moyo safi ni mstari wa 10 kwenye Biblia nyingi, lakini katika Kiebrania ni wa 12, kwa kuwa kichwa cha zaburi kinahesabiwa kama mistari miwili. AndBible inalijua hilo na inalinganisha mstari kwa mstari wake. Programu inayolinganisha namba tu itakuonyesha maneno mengine kabisa. Ukitumia Biblia ya Kiingereza ya King James yenye namba za Strong, yaani namba zinazounganisha kila neno na neno lake la asili, gusa neno lolote na kamusi ya Kigiriki au Kiebrania inafunguka, mradi umeipakua.

Prosesa nimeihisi mahali pamoja tu. Kabla ya kutafuta neno ndani ya moduli, programu hujenga kwanza faharasa yake, na kwenye kifaa dhaifu itakubidi usubiri. Ikishamaliza, utafutaji ni wa haraka.

Malalamiko ninayo. Tafsiri nyingi za kisasa hazimo, kwa sababu wachapishaji hawajaziachia, na hilo halitatuliwi na kifaa chochote. Pitia orodha ya moduli kwenye simu uliyonayo kabla ya kutoa hela ya kishikwambi. Kama tafsiri unayoitegemea haimo, okoa hela yako.

Ukienda kununua, hakikisha kina nafasi ya kadi ya kumbukumbu na kwamba Android yake si ya zamani mno. Hakilazimiki kuwa na duka la Google, maana AndBible inapatikana pia F-Droid, duka la programu huria za Android. Moduli unaweza kuzihamisha kutoka kompyuta yako zikiwa kwenye faili la zip, ukaziingiza moja kwa moja. Washa dukani, ongeza mwanga hadi mwisho, kisha fungua ukurasa wowote wenye maandishi madogo na ukisogeze karibu na dirisha. Kioo kinachogeuka kuwa kioo cha kujitazamia, mrudishie muuzaji.