Akamwani: Kahawa ya Bukoba Inayotafunwa

Habari zenu watazamaji. Leo hamtaona birika wala kikombe. Kilichopo mezani ni hiki kifurushi cha majani makavu ya mgomba, na ndani yake mna kahawa ya kutafuna kutoka Bukoba. Wahaya wanaiita akamwani.

Tazameni kwa karibu. Hizi si punje zilizokaangwa. Ni tunda zima la robusta, aina ya kahawa inayolimwa Bukoba, ganda lake pamoja na buni mbili zilizomo ndani. Huchumwa kabla halijaiva sana, likachemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha likakaushwa juani au kwa moshi. Kwa hiyo ukinusa usitafute ile harufu ya kahawa ya kijiweni, ile huzaliwa kwenye kikaango. Hapa utapata harufu ya majani na moshi kwa mbali.

Haya, natafuna. Ganda gumu kweli, linalegea polepole na kuacha utamu kidogo, halafu ukifika kwenye buni uchungu unakolea. Usiwe na haraka ya kumeza. Na nguvu inayo! Robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika, ile aina nyingine ya kahawa, ndiyo maana mimi naitafuna mchana, usiku siigusi.

Wengi wetu tunajua kwamba kahawa tuliletewa na wamisionari. Kwa arabika ya Kilimanjaro ni sawa, ilianzia misheni ya Kilema mwaka 1898. Lakini Kagera, Mjerumani aliwakuta Wahaya wakitafuna robusta yao. Mgeni alikaribishwa kwa akamwani, kama ilivyokuwa pia Buganda. Na waliochanjiana damu walitumia tunda moja: kila mmoja alipaka damu yake kwenye buni, mwenzake akaimeza. Buni mbili za ganda moja! Tangu siku hiyo wakawa ndugu. Sijui kahawa gani nyingine duniani iliyobeba uzito kama huo.

Ndiyo maana inaniuma robusta ikidharauliwa. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba arabika ilitokana na robusta kuchanganyika na aina nyingine ya mwituni, Coffea eugenioides. Yaani robusta ndiyo mzazi, na bado tunampa heshima mtoto peke yake.

Je, ununue? Kama unataka kitu cha kushika nafasi ya kikombe chako cha asubuhi, hapana. Kama unasafiri mwendo mrefu au unapokea wageni, nunua bila kusita. Chagua iliyokauka sawasawa, vunja tunda moja uangalie ndani, na ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uvundo irudishe. Mfuko wa plastiki siupendi, unashika unyevu. Majani ya mgomba yanapumua.

Ombi langu kwa wauzaji: andikeni jina la kijiji na mwezi ilipokaushwa. Kahawa yenye historia hii isiuzwe bila kwao.