Bima ya mbwa ya "maisha yote": mikataba mitano, mbwa mmoja wa Ilazo

Maneno "maisha yote" kwenye bima ya mbwa yamewapoteza wengi. Hayana maana kwamba ada itabaki ileile mpaka mbwa azeeke, wala kwamba kampuni imejifunga kumtibu mpaka afe. Maana yake ni moja: kikomo cha fidia kinajazwa upya kila mwaka unapohuisha mkataba, hata kama ugonjwa ni uleule wa mwaka jana. Mengine yote yako kwenye maandishi madogo.

Bima hizi zilikulia Ulaya. Sweden mbwa alikatiwa bima mwaka 1924, Uingereza ikafuata mwaka 1947, na leo soko la Uingereza ndilo lenye aina nyingi za kulinganisha, kwa hiyo tumefuata mikataba inavyoandikwa huko. Lakini kampuni za huko humuuzia mkazi wa huko. Ukijaza fomu mtandaoni ukiwa Kisasa au Nzuguni, hapa Dodoma, itakugomea kwenye anwani. Ulinganisho huu basi ni wa watu wawili: anayehamia Uingereza na mbwa wake, na aliyeko Dodoma anayetaka kipimo cha kumpimia wakala yeyote atakayemjia na karatasi yenye neno "mnyama".

Huyo wa pili aanze kuuliza jambo moja: mkataba unalipa bili ya daktari, au unalipa mnyama akifa? Bima ya mifugo, ile ya ng'ombe na mbuzi, kwa kawaida ni ya kifo. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa au ajali iliyotajwa, unafidiwa thamani yake. Kwa mfugaji wa Kongwa au Bahi hiyo ina mantiki. Kwa mwenye mbwa haisaidii kitu, kwa sababu gharama ya mbwa iko kwenye kumtibu akiwa hai.

Mbwa wetu wa mfano ni German Shepherd chotara, kilo 30, umri miaka mitatu, kibanda chake kiko getini. Mwaka wa kwanza anapata mzio wa ngozi, ugonjwa usioisha, matibabu Sh 900,000 kwa mwaka. Mwaka wa pili mzio unaendelea, na juu yake anakatika ukano wa goti, upasuaji Sh 2,500,000. Mchango wako wa kwanza, yaani sehemu ya bili unayotoa mwenyewe kabla kampuni haijalipa, ambao mawakala wanauita ekses, ni Sh 150,000. Hizi ni namba za kufanyia hesabu, si bei ya kliniki fulani.

Mkataba wa ajali tu ndio wa bei ya chini. Kwenye mzio mkataba haulipi kitu. Kwenye goti kutakuwa na mabishano, maana ukano wa mbwa mara nyingi huchakaa pole pole kabla ya kukatika, na kampuni itasema huo ni ugonjwa. Unafaa kwa mbwa anayeshinda barabarani na bodaboda, basi.

Mkataba wa miezi 12, kikomo Sh 2,000,000 kwa kila ugonjwa: mwaka wa kwanza mzio unalipwa Sh 750,000 baada ya kutoa mchango wako. Miezi 12 ikiisha tangu dalili ya kwanza, ugonjwa huo unafutwa kwenye mkataba moja kwa moja. Goti linalipwa Sh 2,000,000, laki tano zinazobaki ni zako. Huu ndio mkataba ambao watu huukata wakidhani wamekata wa maisha, kwa sababu nao unahuishwa kila mwaka.

Mkataba wa kikomo kwa kila ugonjwa bila ukomo wa muda, tuseme Sh 3,000,000: mchango hutolewa mara moja kwa kila ugonjwa. Mzio unalipwa 750,000, halafu 900,000, halafu 900,000. Mwaka wa nne kapu limebaki na Sh 450,000, na likikauka limekauka. Mbwa wa miaka mitatu anayeweza kufika 11 atakuwa bado ana miaka mingi ya kujikuna.

Sasa mikataba ya maisha yenyewe. Iko ya namna mbili, na wauzaji wengi hawaitenganishi.

Ya kwanza ina kikomo kwa kila ugonjwa kwa kila mwaka. Ukichukua wa Sh 1,500,000, mzio haukusumbui tena: kila mwaka kikomo kinajaa, kila mwaka unapata 750,000. Goti ndilo linaloumiza. Toa mchango kwenye 2,500,000, inabaki 2,350,000, lakini kikomo ni 1,500,000. Unatoa milioni moja mfukoni. Upasuaji hausubiri mwaka mpya ili umaliziwe, kwa hiyo kule kujazwa upya kwa kikomo hakukusaidii hapo.

Ya pili ina kapu moja la mwaka kwa magonjwa yote, hapa Sh 4,000,000. Mwaka wa pili una bili ya 3,400,000, magonjwa mawili, mchango mara mbili. Unalipwa Sh 3,100,000, na mwaka wa tatu kapu linajaa tena. Tukilazimishwa kuchagua, hii ndiyo. Magonjwa ya mbwa hayaji kwa zamu, na kapu moja halikuulizi jina la ugonjwa kabla ya kufunguka. Ila chungulia ndani ya kapu, maana mara nyingi mna vikapu vidogo: kikomo chake cha mazoezi ya viungo, cha kipimo cha MRI, cha chakula cha tiba, wakati mwingine hata cha ukano wa goti peke yake. Mkataba wa milioni nne wenye kikapu cha milioni moja kwa goti ni mkataba wa milioni moja siku goti linapokatika.

Katika mikataba ya maisha mchango hukatwa upya kila mwaka kwa kila ugonjwa. Mbwa akizeeka, mara nyingi kuanzia miaka minane hivi, huongezwa asilimia, kwa kawaida 20, ya bili inayobaki. Mzio uleule wa 900,000: toa 150,000, inabaki 750,000, asilimia 20 yake ni 150,000. Unalipwa 600,000, wewe unatoa 300,000, na bado hujalipa ada.

Ada nayo hupanda. Hupanda kwa umri, kwa aina ya mbwa, kwa bei za madaktari, hata kama hujawahi kudai senti. Na Uingereza kuna kodi ya asilimia 12 juu ya ada hiyo. Kupanda si kosa la kampuni. Kosa ni mnunuzi kuamua kwa ada ya mwaka wa kwanza, kwa sababu huwezi kuhama. Mwaka wa sita, mbwa akiwa na mzio, goti na sikio bovu, kampuni mpya itayaita yote matatu ugonjwa uliokuwepo kabla, nayo haitalipa hata moja. Kwa hiyo kabla ya kusaini omba bei ya leo ya mbwa wa aina yako mwenye miaka minne, minane na kumi. Wakala asiyeweza kukutolea namba hizo tatu, mwache amalizie chai yake. Na malipo yakikatika mwezi mmoja mkataba ukafungwa, ukirudi unaanza upya, na magonjwa yote yanakuwa ya zamani.

Ugonjwa uliokuwepo kabla hauhitaji kuwa na jina. Chukua kadi ya mbwa, ile ya karatasi ngumu yenye stika za chupa za chanjo. Pembeni, kwa wino wa bluu, daktari kaandika miaka miwili iliyopita: "anachechemea kdg mguu wa nyuma kushoto, apumzike." Hakuna kipimo, hakuna dawa. Kwa mkagua madai, mstari huo ndio tarehe ya kuanza kwa ugonjwa wa goti la kushoto. Zaidi ya hapo, mikataba mingi huhesabu viungo vya pande mbili kuwa kimoja: magoti, nyonga, viwiko, macho, masikio. Mguu wa kushoto uliochechemea kabla ya bima unaweza kulifungia nje goti la kulia lililokatika miaka mitatu baadaye. Tafuta kifungu hicho kwanza, hata kabla ya ukurasa wa bei.

Hali ya Dodoma inaingilia hapa kwa njia ya kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hajali ukame. Huishi kwenye nyufa za ukuta na mbao za kibanda, jike mmoja akataga mayai kwa maelfu. Ugonjwa wa erlichia anaouleta huanza kuonekana wiki moja hadi tatu baada ya mbwa kuumwa na kupe: homa, kukosa hamu ya kula, ufizi mweupe, damu puani. Kipindi cha kusubiri cha magonjwa, yaani siku za mwanzo ambazo ugonjwa ukijitokeza haulipwi, kwenye mikataba mingi ni siku 14 tangu bima ianze. Hesabu mwenyewe: mbwa aliyeumwa na kupe siku tatu kabla ya bima anaweza kuonyesha dalili siku ya 10, na dai limekufa. Mbaya zaidi, ugonjwa huu unaweza kujificha miezi au hata miaka kisha ukaibuka, na kampuni ikauliza kupe alimuuma lini na wapi. Anayehamia Uingereza apime damu ya mbwa kwanza, na kama ni mgonjwa amalize dawa ya doksisaiklini siku 28, apate karatasi ya kupona.

Huyo anayehama ajue pia kwamba Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Uingereza inazilegezea masharti. Mbwa anawekewa chipu, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, baada ya angalau siku 30 anatolewa damu ya kipimo cha kinga, matokeo yasipungue 0.5 IU kwa mililita, halafu miezi mitatu inahesabiwa tangu siku damu ilipotolewa. Dawa ya tegu hutolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Namba ya chipu hiyohiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye bima, kwa hiyo tarakimu zote 15 zifanane kila karatasi.

Kifungu kingine kinachomgusa mbwa wa huku ni kazi yake. Mikataba ya mbwa wa nyumbani mara nyingi huwatenga mbwa wa ulinzi. Kinachopotea hapo ni sehemu bora kuliko zote: fidia kwa watu wengine, yaani gharama pale mbwa anapomng'ata mpita njia au kusababisha ajali. Kwa mbwa anayefunguliwa saa mbili usiku kwenye uwanja wa Ilazo au Njedengwa, hatari kubwa kifedha ni mguu wa mtu, pamoja na sindano za kichaa cha mbwa zinazofuata. Ukiandika "mbwa wa nyumbani" huku geti lina kibao cha "Mbwa Mkali", umewapa sababu ya kukataa. Dhima ya namna hiyo iulizie kwa kampuni inayokukatia bima ya nyumba, na usajili wake uhakikishe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambao makao yao makuu yako hapahapa Dodoma.

Kwa kawaida chanjo hazilipwi na bima za aina hii, lakini kutozifuata kunaua madai. Mbwa akipata parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara damu, na kadi inaonyesha chanjo yake imepitwa na muda, hakuna fidia. Chanjo ya bure ya kichaa cha mbwa, inayotolewa kuelekea Septemba 28, inahesabika kama nyingine, mradi umeondoka na cheti chenye tarehe, namba ya toleo la dawa na sahihi. Tabia inayowaangusha wengi ni kumwita mtaalamu wa mifugo nyumbani, akaja na pikipiki, akadunga sindano mbili akaondoka bila karatasi. Mbwa amepona, sawa, lakini kampuni inataka historia yote tangu akiwa mtoto, iliyoandikwa na daktari aliyesajiliwa, na risiti inayotenganisha dawa, kipimo na kazi. Risiti ya "matibabu ya mbwa 85,000" inarudishwa.

Kibubu je? Ukiweka Sh 30,000 kila mwezi, mwaka mmoja ni 360,000. Hizo zinatosha homa ya kupe, jeraha la kushonwa, hata sindano za kila wiki za uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizana mbwa wakipandana. Goti la 2,500,000 linakuhitaji uweke akiba miaka saba bila kugusa. Kwa mbwa wa kienyeji mwenye afya, ambaye magonjwa yake ni ya kuja na kupita, kibubu pamoja na dawa ya kupe ya kila mwezi kinaushinda mkataba wa maisha, na tunasema hivyo bila kusita. Kwa German Shepherd, Rottweiler au Boerboel, mbwa wenye nyonga na viwiko vya mashaka, kibubu peke yake ni kamari.

Vifurushi vya mwaka vya kliniki, chanjo na dawa za minyoo kwa bei moja, si bima, ni punguzo. Chukua kama hesabu inakubali, ila siku ya upasuaji usivitoe mezani.

Ukikutana na wakala, mpe kadi ya mbwa aisome yote, kisha muulize kwa maandishi: kwa kadi hii, ni magonjwa gani hamtayalipa? Jibu la mdomo halina kazi. Barua yenye muhuri inayotaja goti la kushoto, goti la kulia na ngozi, kila kimoja kwa jina, ndiyo ya kuweka kwenye faili moja na mkataba, na ikiwezekana ipatikane kabla ada ya kwanza haijatoka.