Mizani au kujuana: kipi kinamlinda mkulima wa viazi?

Mkulima anayeuza viazi ana kinga mbili dhidi ya tamaa ya mnunuzi: kujuana naye, au mizani.

Tuanze na kujuana. Mnunuzi anayerudi kila msimu huogopa kuharibu jina, na akikwama, mkulima humpa mzigo kwa mali kauli, yaani alipe akishauza. Ni kinga nzuri, tena haina gharama. Lakini itazame lumbesa. Gunia limeshajaa hadi mdomoni, halafu linaongezewa viazi juu na kushonewa kamba mpaka linaota kilemba kirefu. Bei ni ileile ya gunia moja. Anayeshona mara nyingi ni kijana wa hapohapo kijijini, na anayelipa anamwita mkulima "mzee wangu". Kujuana hapo hakusaidii kitu, kwa sababu wanunuzi wengine nao wanataka kilemba hichohicho, na viazi havingoji, vinaoza.

Mizani haimjui mtu. Kilo ni kilo. Tanzania, Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kupambana na lumbesa. Kenya, kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia. Udhaifu wake ni kwamba mkaguzi hayupo shambani alfajiri lori linapopakiwa, na mizani yenyewe huchezewa.

Mimi nachagua mizani, ila iwe ya wakulima wenyewe, kwenye ghala la ushirika wao, kila mmoja akiona mshale unaposimama. Na gunia lishonwe mbele ya mwenye viazi, baada ya kupimwa.