Maneno Kumi na Manne ya Ubahili: Tathmini ya Darasa la Jioni la Kiingereza, Mwembe Tayari

Nimemaliza wiki sita katika darasa la jioni la Kiingereza lililoko orofa ya pili, juu ya maduka, hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wanaowatembeza wageni Mji wa Kale, ambao kila tukikutana huniuliza kama ada ya shilingi 4,500 inastahili kulipwa. Jina la darasa sitalitaja, kwa kuwa nina sifa na nina malalamiko pia. Nitashughulika na somo moja tu, la wiki ya nne, ambalo lilihusu maneno ya Kiingereza ya kubana matumizi na ya kutoa kitu kidogo kuliko inavyotakiwa.

Nianze na kilichonipendeza. Mwalimu alipolifikia neno "skimp" hakusoma maana yake kwenye karatasi, bali alimgeukia mama mmoja anayepika mbaazi na mahamri kule Majengo, akamwuliza mpishi mbaya hufanya nini nazi ikipanda bei. Mama yule akajibu bila kusita: "Hubania tui, mwalimu. Hukamua mara ya tatu, maji matupu, kisha akatia chumvi nyingi ili usitambue. Lakini mteja huyajua mapema, hata hamri hajalichovya." Mwalimu akaandika ubaoni sentensi ya Kiingereza kuhusu mpishi asiyebania tui, akatuonyesha kwamba "skimp" hufuatwa na "on" kabla ya kutajwa kile kinachobaniwa, na kwamba jirani yake "stint" husikika zaidi katika sentensi za kukanusha, pale mtu anaposifiwa kwa kutojizuia kutoa. Sidhani kama kuna aliyetoka pale bila kulielewa neno hilo.

Asili za maneno nazo alizieleza vizuri. "Thrifty" ni ndugu wa "thrive", yaani kustawi, kwa hiyo anayeitwa hivyo ni mtu ambaye mambo yake yanamnyookea kwa sababu hafuji mali. "Frugal" limetoka Kilatini, katika ukoo wa neno lenye maana ya matunda na faida. "Miser" pia ni la Kilatini, na huko lilimaanisha mtu aliye taabani, jambo lililotuchekesha, kwa sababu sisi bahili tunamchukia zaidi kuliko tunavyomhurumia. Nilipomwuliza Waingereza wanasemaje "mkono wa birika", akanipa "tight-fisted", mwenye ngumi iliyofumbwa. Kwa maoni yangu birika letu linashinda, maana ngumi huweza kufumbuliwa ilhali mkono wa birika umekunjwa na fundi na kurudishwa kwenye tumbo la birika lenyewe.

Kasoro kubwa ni karatasi ya msamiati tuliyogawiwa. Ina maneno kumi na manne yaliyopangwa safu moja, na mbele ya yote limeandikwa neno moja la Kiswahili: bahili. Sijui ni nani aliyeona inafaa, kwa kuwa Kiswahili chenyewe hakichanganyi mambo haya: mwekevu hutunza chake, bahili hujinyima hata mwenyewe, mchoyo huwanyima wengine, na anayepunja humpa mteja pungufu ya alicholipia. Kiingereza kinatofautisha vivyo hivyo, kwani "frugal" na "thrifty" ni sifa na "stingy" ni tusi.

Gharama ya kosa hilo nililipa mimi. Wiki hiyohiyo nilimtembeza bibi mmoja wa Kiingereza aliyebeba chupa yake ya maji na kukataa kununua nyingine, nami, nikitaka kumsifu kwa kutopenda uharibifu, nikamwambia kwamba yeye ni "stingy". Alinyamaza kutoka Ndia Kuu hadi lango la Fort Jesus. Nilipokumbuka neno "frugal" na kujisahihisha alitabasamu, ila bahashishi ile siku hiyo sikuiona, na sikuthubutu kumwita jina lolote.

Karatasi hiyo pia haitofautishi Uingereza na Marekani, ilhali sisi huwapokea wageni wa nchi zote mbili. Mwingereza akisema mtu ni "mean", mara nyingi anakusudia kwamba ni mchoyo. Mmarekani akilisikia neno hilohilo huelewa kwamba mtu huyo ana roho mbaya, na mchoyo yeye humwita "cheap". Jambo zito zaidi ni kwamba neno la tisa katika safu ni "niggardly", bila onyo lolote. Asili yake haihusiani na tusi la rangi linalofanana nalo kwa sauti, lakini mwaka 1999 msaidizi wa meya wa Washington alijiuzulu baada ya kulitumia akizungumzia bajeti, ingawa baadaye alirudishwa kazini. Mtembeza wageni hana meya wa kumrudisha, na kwa hiyo alikate neno hilo kwa kalamu.

Kuhusu huduma yenyewe, kipindi cha saa moja kilikuwa kikiisha baada ya dakika 40, nakala moja ya karatasi tuliisoma watu watatu tukiwa tumeinamisha vichwa, na kalamu ya ubao ilikuwa imekauka tangu wiki ya pili. Mama wa mbaazi alininong'oneza kwamba hapa pia tui ni la tatu. Mwalimu hana lawama katika hili, kwani ni mjuzi, ni mvumilivu, na angestahili mwajiri mkarimu zaidi.

Nimejiandikisha tena kwa awamu ijayo, itakayohusu maneno ya usafiri wa baharini, lakini safari hii nimelipa nusu, na nusu iliyobaki nitaitoa nikipewa nakala yangu mwenyewe.