Albamu za uzeeni za bendi kongwe za roki: zipi za kununua, na toleo lipi

Wengi wanaosema bendi kongwe za roki ziliishiwa baada ya miaka ya 70 wamesikiliza toleo baya. Albamu zao za baadaye zilitengenezwa kwa urefu wa CD, inayobeba dakika 74 na zaidi, ilhali upande mmoja wa santuri hutoa sauti nzuri kwa dakika 22 hivi. Ukizidisha hapo, mifereji inabanana, sauti inafifia na besi inakonda. La sivyo, kampuni inafupisha nyimbo ili zitoshe kwenye santuri. Kisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 90, ikaja tabia ya kubana sauti na kuipandisha hadi kikomo, mpaka drams na gitaa vikawa na nguvu ileile mwanzo hadi mwisho na sikio likachoka kabla ya wimbo wa nne. Mpangilio huu unatanguliza muziki, lakini kila albamu imetajwa pamoja na toleo lake linalofaa.

1. Queen, Innuendo (1991). Hii ndiyo ya kwanza, bila kusita. Mwimbaji wao Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, aliimba akiwa mgonjwa sana na akafariki Novemba mwaka huohuo, lakini sauti yake humu haina hata chembe ya unyonge. Wimbo wa kwanza una gitaa la mtindo wa Kihispania lililopigwa na Steve Howe wa bendi ya Yes, na peke yake unatosha kukushawishi kununua. Tahadhari iko kwenye santuri ya 1991: ni moja tu, na kwa kuwa albamu ina zaidi ya dakika 50, nyimbo kadhaa zilikatwa. Wauzaji wa mitumba huipandishia bei kwa kuwa ni toleo la kwanza, nawe unalipa zaidi kupata muziki pungufu. Tafuta toleo la santuri mbili la 2015, au chukua CD yoyote, maana CD zina albamu nzima. Made in Heaven (1995), iliyokamilishwa na wenzake baada ya kifo chake, inaweza kusubiri.

2. Deep Purple, Perfect Strangers (1984). Wanachama wa zamani Gillan, Blackmore (mpiga gitaa), Lord, Glover na Paice walirudiana baada ya zaidi ya miaka 10, na kinanda cha Jon Lord kinanguruma kama zamani. Hapa CD inaishinda santuri kwa sababu nyepesi: ina wimbo mmoja ambao santuri ya 1984 haina. Ukiipenda, endelea na Purpendicular (1996), ya kwanza kwao na mpiga gitaa Steve Morse. Wasiomtaka Morse kwa sababu si Blackmore wanajinyima bure.

3. Rush, Clockwork Angels (2012). Albamu yao ya mwisho ya studio, na drams za Neil Peart, aliyefariki 2020, ni sababu tosha ya kuinunua. Ila wanunuzi wa Rush huumia zaidi kwenye Vapor Trails. Ile ya 2002 ilibanwa sauti kiasi kwamba inapasuka, na hakuna spika wala amplifaya itakayoiponya, kwa kuwa mpasuko umo ndani ya rekodi yenyewe. Bendi ilibidi irudi kwenye rekodi za awali na kufanya miksi upya (kuchanganya tena sauti za ala na uimbaji), ikatolewa 2013. Hiyo ndiyo ya kununua. Ya 2002 iache hata ikiwa ya bei ya kutupa.

4. Pink Floyd, The Division Bell (1994). Mpiga kinanda Richard Wright amerudi kuwa mwanachama kamili, na mnasikia tofauti. Tatizo ni lilelile la Queen: santuri ya 1994 ni moja yenye nyimbo zilizofupishwa, wakati albamu inapita dakika 65. Chukua santuri mbili za 2014. The Endless River (2014) imejengwa juu ya mabaki ya vipindi hivyohivyo vya kurekodi na karibu yote haina uimbaji. Ni ya mpenzi sugu tu.

5. The Rolling Stones, Blue & Lonesome (2016). Nyimbo 12 za blues za watu wengine, zilizorekodiwa kwa siku tatu, Charlie Watts akiwa kwenye drams. Tunaiweka juu ya Hackney Diamonds (2023), ambamo Watts, aliyefariki 2021, anasikika katika nyimbo mbili tu.

6. Black Sabbath, 13 (2013). Wanachama wa mwanzo Ozzy, Iommi na Butler wapo. Mpiga drams Bill Ward hayupo, na nafasi yake kachukua Brad Wilk. Gitaa ni zito kweli, ila sauti imebanwa mno.

7. AC/DC, Power Up (2020). Haina jipya, wala haikukusudia. Ina dakika 41, kwa hiyo santuri moja inaitosha vizuri.

Ukinunua mtumba, kwanza hesabu santuri zilizomo ndani ya jalada. Kisha ishike kwa ukingo, uilaze mkabala na mwanga: mkwaruzo unaoonekana tu huwa unavumilika, lakini unaokwama kwenye ukucha utarusha sindano. Itazame pia kwa usawa wa jicho, kwani iliyoachwa ndani ya gari juani hupinda, na santuri iliyopinda haina dawa ya uhakika. Kwa CD, wengi hukagua upande unaong'aa na kusahau ule wenye maandishi. Huo ndio wa hatari zaidi, kwa sababu tabaka linaloakisi mwanga liko chini kidogo tu ya wino. Mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa ukaisha, wa juu haurekebishiki.