Gurudumu la kupimia la mzingo wa mita 1: linafaa, ila si peke yake

Kwa anayetafuta chemba, vali au bomba lililozikwa kando ya barabara za Dar es Salaam, gurudumu hili linalosukumwa ardhini huku kaunta ikihesabu mita, lenye kipenyo cha takriban sentimita 32, ni bora kuliko futikamba: mtu mmoja anatosha. Kaunta inasomeka vizuri, na mpini unakunjika hata ukipanda daladala.

Udhaifu mkubwa ni mpira. Ukilika milimita 2 tu, mzingo unapungua karibu milimita 13, na mita 100 za kweli zinasomeka zaidi ya 101. Tope likiganda, kosa linageuka: gurudumu linasoma pungufu. Futa mpira kila mara, tembea mstari ulionyooka, na kwenye mchanga usilisukume kwa nguvu, litateleza bila kuzunguka.

Usipime kutoka mwanzo wa barabara, kosa litakua kila hatua. Anzia alama ya karibu isiyohama: ukingo wa kalavati, nguzo ya kilomita, kona ya daraja. Mti au kibanda havifai kabisa! Endelea hadi alama ya pili. Kama umbali unaojulikana kati ya alama hizo ni mita 500 na kaunta imesoma 506, chemba iliyosomeka 253 iko mita 250 kutoka alama ya kwanza.

Andika na mwelekeo pia: "mita 37.5 kutoka ukingo wa kalavati, kuelekea Mbagala, kushoto, mita 4 kutoka ukingo wa lami." Bila upande na mwelekeo, fundi atachimba mahali pengine.