Msimu Wangu wa Kwanza kwenye Mbio za Magari za Njia ya Udongo

Kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Septemba mwaka jana nilikata tiketi mara 11 katika uwanja mmoja mdogo wa mbio za magari, ulio mwendo wa dakika 40 hivi kutoka nyumbani kwetu Des Moines, katika jimbo la Iowa. Naandika uzoefu huu kwa ajili ya wasemaji wenzangu wa Kiswahili, maana tumekuwa wengi katika jimbo hili, Wakongo, Warundi, Watanzania na sisi Wakenya, na karibu kila Jumapili baada ya ibada hakosi mtu wa kuniuliza ni kitu gani kinachonipeleka mashambani kila Ijumaa jioni na kunirudisha usiku nikiwa na vumbi masikioni. Naandika pia kwa sababu nimewasikia watu wa uwanja huo wakisikitika kwamba mashabiki wao wanazeeka na wapya hawaji. Mimi ni shabiki mpya, na ninakumbuka vizuri walipokaribia kunipoteza na walivyonipata.

Nililelewa karibu na Gilgil, na kwetu mbio za magari ni Safari Rally, ambayo ilianza mwaka 1953 na ambayo baba alizoea kutusimulia jinsi Shekhar Mehta alivyoishinda mara 5. Tulikuwa tukisimama kando ya barabara kwa saa nyingi, gari linapita mara moja kwa mshindo, linatuachia vumbi, kisha tunasubiri jingine bila kujua nani anaongoza. Kwa hiyo mfanyakazi mwenzangu aliponipa tiketi 2 alizoshindwa kuzitumia, nilidhani najua ninachokwenda kuona. Sikujua. Uwanja wa udongo ni njia yenye umbo la yai, isiyofika mita 700 kwa mzunguko mmoja, na mtu aliyeketi jukwaani anaona kila gari tangu bendera ya kijani ya kuanzia hadi mwisho. Shindano zima liko mbele ya macho yako, na hata mtoto wa miaka 7 anaweza kulifuatilia, ilimradi awepo mtu wa kumweleza anachokitazama.

Usiku wa kwanza mtu huyo hakuwepo. Tulifika mimi na binti yangu saa 11 jioni, milango ilipofunguliwa, kwa sababu tiketi ilisema hivyo. Mbio zilitangazwa kuanza saa 1, lakini saa 1 ilipofika malori ya maji yalikuwa bado yanazunguka, kisha yakaingia magari yakatembea polepole mzunguko baada ya mzunguko, nami nikamwambia mtoto kwamba mashindano yameanza. Akaniuliza nani anashinda. Nilimtajia gari la bluu, baadaye nikaja kujua kwamba madereva wale walikuwa wanaushindilia udongo tu kwa tairi zao. Mbio za kweli zilianza karibu saa 2 na nusu, na tangu hapo yakapita makundi 5 ya magari tofauti, kila kundi na michujo yake, huku mtangazaji akitaja majina na namba kana kwamba sote tulizaliwa jirani na uwanja. Chakula kiliuzwa kwa fedha taslimu pekee, nami nilikuwa na kadi. Fainali ya mwisho ilimalizika saa 5 na nusu usiku, binti yangu akiwa amelala mapajani pangu na vizibo vya masikio vimemtoka. Kama ningeandika tathmini hii usiku ule, ningetoa nyota 2 na nisingerudi tena.

Nilirudi kwa sababu ya sauti ya magari yale, ambayo niliendelea kuisikia kifuani siku mbili nzima. Safari hiyo ya pili tulikaa karibu na mzee mmoja ambaye, kama alivyotuambia, amekuwa akija uwanjani hapo tangu akiwa kijana, na ambaye alipomwona mwanangu ananiuliza swali nisiloweza kulijibu alisogea, akaomba ruhusa kwa heshima, kisha akaanza kutufundisha. Hakuanza na magari. Alianza na udongo.

Alitueleza kwamba ule ni udongo wa mfinyanzi, na kwamba njia tunayoiona saa 1 jioni siyo tutakayoiona saa 4 usiku. Mwanzoni udongo una maji, ni mzito, tairi zinaung'ang'ania, na dereva anaweza kukanyaga mafuta karibu mzunguko wote. Kadiri mbio zinavyoendelea tairi zinauchimba na kuurusha nje, ukalimbikana kandokando ya ukuta kama tuta jembamba, huku sehemu ya ndani ikikauka, ikilambwa na tairi, hadi inang'aa nyeusi na kuteleza kama sakafu iliyopigwa nta. Kutoka hapo kila dereva ana uamuzi wa kufanya: aende chini, mahali pafupi lakini penye utelezi, au apande juu akaegemeze tairi ya nyuma kwenye lile tuta, mahali panapompa kasi kubwa, ila akikosea kwa kiasi cha kiganja anaugonga ukuta. Nimeona kiongozi aliyekuwa amewaacha wenzake nusu ya mzunguko akipoteza fainali kwa sababu alishikilia njia ya chini mizunguko mitatu zaidi baada ya kuisha utamu, ilhali yule wa pili alikwisha kuhamia juu. Tangu nilipolielewa hilo, yale malori ya maji yaliyonichosha usiku wa kwanza yakawa sehemu ninayoitazama kwa makini kuliko zote, kwa kuwa nikiyatazama nabashiri usiku utakuwaje.

Magari yenyewe yanahitaji maelezo pia, hasa yale yanayoitwa sprinti, ambayo kwa macho yangu ndiyo uhai wa mchezo huu. Gari la sprinti halina kiwashio wala giaboksi ya kawaida, kwa hiyo huanza kwa kusukumwa na gari jingine kutoka nyuma hadi injini ishike. Linatumia methanoli badala ya petroli. Tairi ya nyuma ya kulia ni kubwa kuliko ya kushoto, ili gari lenyewe lipende kukata kushoto, na juu ya dereva limefungwa bawa pana linalokandamizwa na upepo ili tairi zishike udongo. Kwenye kona utaona tairi za mbele zimeelekea kulia na gari zima linakwenda kushoto kwa ubavu, na siyo kwa bahati mbaya. Hivyo ndivyo linavyoendeshwa. Mzee yule alimwambia binti yangu atazame mikono ya dereva, asitazame tairi, na kweli mikono ile haitulii hata sekunde moja.

Kitu kingine ambacho mgeni hawezi kukigundua peke yake ni mpangilio wa usiku. Kuna michujo mifupi ya mizunguko 8 au 10, kisha mbio zinazowapa waliokosa kufuzu nafasi moja ya mwisho ya kuingia fainali, kisha fainali yenyewe. Mara nyingi aliyekuwa na muda bora katika majaribio ya kasi kabla ya michujo hapangwi mbele kwenye mchujo, huwekwa nyuma ya wenzake kadhaa ili alazimike kuwapita. Usipojua kanuni hiyo unamdharau aliye nyuma, na ukiijua unaanza kumtazama yeye tu.

Lakini kilichomfanya binti yangu awe shabiki kuliko mimi hakikutokea jukwaani. Baada ya fainali uwanja huo hufungua geti na kuwaruhusu watazamaji kushuka hadi wanapokaa mafundi, bila malipo ya ziada. Dereva aliyeshika nafasi ya 4 usiku ule ni mchomeleaji vyuma siku za kazi, na gari lake linahudumiwa na mke wake, kaka yake na kijana mmoja wa shule ya sekondari. Alimnyanyua mwanangu akamkalisha ndani ya gari, injini ikiwa bado inatoa joto, kisha akampa kipande cha plastiki kilichojaa tope, kimojawapo cha vile ambavyo madereva huvibandua kwenye kioo cha kofia yao kila kinapochafuka. Kipande hicho kimebandikwa ukutani juu ya kitanda chake hadi leo. Sijui mchezo mwingine katika nchi hii ambapo kwa dola 15, na mtoto bure, unaweza kumshika mkono mchezaji saa ileile aliyotoka kushindana.

Mwezi wa Agosti tulikwenda pia Knoxville, mji mdogo ulio takriban kilomita 60 kusini-mashariki ya Des Moines, kwa siku moja ya Knoxville Nationals, mashindano makubwa ya sprinti yaliyoanza mwaka 1961. Njia yake ni ya nusu maili, injini ni za inchi za ujazo 410, zenye takriban nguvu za farasi 900 katika gari ambalo pamoja na dereva wake halifiki kilo 700, na papo hapo uwanjani kuna jumba la makumbusho ya mchezo huu. Steve Kinser alishinda hapo mara 12 na Donny Schatz mara 11. Kyle Larson alishinda mwaka 2021, mwaka uleule alioshinda ubingwa wa NASCAR, mashindano makubwa ya mbio za magari ya Marekani, na alianzia kwenye viwanja vidogo vya udongo kule California. Binti yangu alipolisikia hilo aliniuliza kama yule mchomeleaji wetu naye ataendesha Knoxville siku moja. Ndipo nilipoona jinsi uwanja mdogo na ule mkubwa unavyohitajiana, na nadhani wenye viwanja vidogo wangepaswa kuwasimulia wageni wao habari hizi badala ya kuzungumzia tu punguzo la bei.

Mzazi anayefikiria kwenda nisimfiche jambo la hatari. Magari hupinduka. Bendera nyekundu inapotolewa uwanja wote hunyamaza, watu husimama, na hapigi makofi mtu hadi dereva atoke au ainue mkono. Jason Johnson, aliyeshinda Nationals mwaka 2016, alifariki mwaka 2018 kwa majeraha ya ajali katika uwanja wa Beaver Dam, Wisconsin. Nilizungumza na mwanangu kuhusu hilo kabla ya kumpeleka tena, na ninapendekeza kila mzazi afanye hivyo.

Sasa niseme yanayowafukuza wageni katika uwanja wetu, kwa kuwa nataka uwanja huo uishi. La kwanza ni muda. Familia yenye watoto haiwezi kukaa hadi saa 5 na nusu usiku, na nyakati nyingi saa nzima inapotea kati ya michujo na fainali bila mtu kueleza kinachosubiriwa. Wakipunguza kundi moja la magari na kuanza fainali ya sprinti mapema zaidi, nina hakika nusu ya wanaoondoka njiani watabaki, kwa sababu nimewaona wakiondoka na watoto begani. La pili ni taarifa. Mvua ikinyesha mchana tangazo la kuahirisha mbio hutolewa kwa kuchelewa, na mara moja tuligeuza gari tukiwa tumekwisha kufika getini. La tatu, na ndilo kubwa kwangu, ni kwamba hakuna anayeteuliwa kuwapokea wageni. Mimi nilipata mzee kwa bahati. Familia moja ya Kikongo niliyoialika mwezi wa Juni ilikaa upande mwingine wa jukwaa kwa kuwa mahali petu palijaa, na waliporudi nyumbani walisema waliona vumbi na kusikia kelele tu. Niliumia sana, maana walikuwa wamesema kweli kuhusu walichokiona.

Ukiamua kwenda, kaa juu, usikae karibu na kona, kwa kuwa tope hurushwa hadi safu za chini. Chukua vizibo vya masikio, na kwa mtoto chukua vile vinavyofunika sikio zima. Beba sweta hata kama mchana ulikuwa wa joto, fedha taslimu, na blanketi la kutandika kwenye benchi, ambalo pia huonyesha kwamba nafasi ina mwenyewe. Bendera ya njano ina maana magari yapunguze mwendo na yasipitane, nyekundu yasimame, nyeupe umebaki mzunguko mmoja, na ile ya miraba myeusi na myeupe ndiyo mwisho.

Kwa msimu mzima natoa nyota 4 kati ya 5. Mwezi wa Agosti niliandika karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yenye maana za bendera, mpangilio wa usiku, na maelezo ya udongo kama nilivyoyapokea kwa yule mzee, nikampelekea mama anayeuza tiketi dirishani. Aliisoma huku akizungusha kichwa kutafuta neno analolijua, akalipata moja, "methanoli", akacheka kwa furaha, akaniomba nimwandikie nyingine kwa Kiingereza. Zote mbili ziliwekwa dirishani wiki iliyofuata. Ile familia ya Kikongo ilirudi mwezi wa Septemba, tukaketi pamoja, na kijana wao mkubwa ndiye aliyetuonyesha kwamba namba 2 amekwisha kuhamia juu kwenye tuta kabla sisi wengine hatujaona.